Brevet ya Anicet

Clairwood, Durban
6 Machi 2011

Grâce,

Nani alikutuma Johannesburg kusoma sinema? Nijibu hiyo kwanza, salamu baadaye. Nilisimama kanisani mbele ya watu wote, nimejifunga kikwembe changu cha sikukuu, nikasema mujukuu wangu anakwenda kusoma sheria, atatusemea kwenye ofisi ya makaratasi ya wakimbizi. Watu wakapiga vigelegele. Leo Gosbert, huyu dereva Mtanzania anayekuletea barua hii, ameshuka kwenye lori lake anacheka. "Bibi, Grâce anaandika kitabu chake cha kumaliza chuo. Unajua ni cha nini? Ni cha sinema za zamani za Amerika." Nilimwambia kwanza mimi ni koko, si bibi yako, kwetu Bukavu bibi ni mke wa mtu, na mume wangu alikwisha kufa. Halafu ndipo nikaketi.

Sinema! Tena za zamani! Kama ulitaka sinema ungebaki hapa, kwani mimi nafanya kazi gani? Chumba changu nyuma ya yadi ya malori kiko na mabenchi, kiko na ukuta mweupe, kiko na mashine. Madereva wanaongojea zamu ya kuingia bandarini wanalipa mlangoni, wanakunywa chai yangu, wanatazama. Chumba hicho ndicho kimekusomesha, usijifanye umesahau.

Na mashine yangu si ya mchezo. Anicet aliyeniuzia, yule mwenye duka la simu mjini, ni mtu wa maana, yeye iko na brevet. Siku ya kuileta alinionyesha kibati kidogo kilichofungwa ubavuni mwa mashine, akakigonga kwa kidole, akasema: "Mama, mwenye brevet ni mimi, kwa hiyo mashine hii itacheza diski zangu peke yake." Nilikubali. Mimi shule niliachia darasa la tatu. Mtu wa brevet akisema, nasikiliza. Na wewe acha mchezo, utafute ya kwako.

Asante kwa blanketi. Linapasha joto vizuri. Ila rangi yake, eish, ulichagua umefumba macho?

Koko wako,
Marie-Louise


Johannesburg
14 Machi 2011

Koko wangu mpenzi,

Nakusalimu kwa magoti yote mawili. Najua nimekuaibisha kanisani, nisamehe, lakini nisikilize kidogo.

Kitabu changu si cha kutazama sinema. Ni cha kesi. Miaka mia iliyopita, sinema ilipokuwa bado mtoto mchanga, kulikuwa na makampuni machache Amerika yaliyokuwa na brevet zote za maana. Brevet ya kamera, brevet ya mashine ya kuonyeshea, hata brevet ya namna ya kulegeza ukanda wa picha usikatike ndani ya mashine. Mwishoni mwa 1908 wenye brevet hizo waliungana. Wakasema asiye na ruhusa yetu asipige picha, na asiye na ruhusa yetu asionyeshe. Mwenye ukumbi alilipa kila juma kwa ajili ya mashine aliyokwisha kuinunua. Akionyesha picha ya mtu wa nje, ananyimwa zote. Na Koko, hata kibati kilikuwapo, kimefungwa kwenye mashine kama chako.

Wadogo walikataa. Wengine walikimbia na kamera zao mpaka upande wa pili wa nchi, wengine wakaenda mahakamani. Mwaka 1915 hakimu alisema muungano ule ni haramu, kwa kuwa unafunga njia ya biashara ya wengine. Hiyo ndiyo sheria ninayosoma: sheria ya kumzuia mtu asimeze soko zima. Hapa Afrika Kusini pia iko.

Niambie zaidi habari za Anicet na brevet yake. Inanitia wasiwasi.

Mujukuu wako,
Grâce


Clairwood
27 Machi 2011

Grâce,

Sasa ndiyo umeniudhi kabisa. Hao watu walisoma, wakakesha, wakapata brevet zao, na wewe unafurahi kwamba hakimu aliwavua? Mama yako, Mungu ampumzishe, alimaliza shule akapata brevet yake Bukavu. Vita ilipokuja tulikimbia na sufuria, brevet ikabaki imetundikwa ndani ya kioo chake. Mpaka anafariki alikuwa anaitaja. Leo binti yake anaandika kitabu kuwasifu wanaonyang'anya watu brevet! Na hiyo ya kulegeza ukanda, ni shule gani hiyo inafundisha kulegeza ukanda? Amerika iko na mambo.

Nikueleze ya huku. Gloriose, yule msusi anayekaa Bluff, ametengeneza filme. Yeye mwenyewe, na kamera ya kuazima. Ni arusi ambayo bwana arusi ni dereva, amenaswa na lori kwenye foleni ya bandari, basi bibi arusi anamfuata na gauni lake jeupe katikati ya malori, wanafungia ndoa pale pale. Madereva wangu ndio wamecheza. Gosbert amekuwa padri. Padri! Yule! Kila mtu anaulizia lini itaonyeshwa. Gloriose aliniletea diski kwa mikono miwili.

Nilimwomba Anicet ruhusa. Akaniuliza, "Mama, uko na brevet?" Nikasema sina. "Na Gloriose iko nayo?" Hana. "Basi." Nilifanya nini? Nilimrudishia Gloriose diski yake kwenye geti, nikamwambia arudi shule kwanza. Akanitazama, akasema, "Hata wewe, Koko?" Akaondoka bila kuniaga. Mtoto hana adabu. Chakula cha siku hiyo nilimpa Gosbert.

Koko wako


Johannesburg
4 Aprili 2011

Koko wangu,

Nimecheka kwenye maktaba mpaka wakanitoa nje. Nilipofika nje nikamlilia mama.

Kosa ni langu. Ni neno lile lile la Kifaransa, lakini ni vitu viwili. Brevet ya mama ni ya shule. Brevet ya kwenye kitabu changu haina darasa wala mtihani. Watanzania wanaiita hataza, muulize Gosbert. Mtu akibuni kitu kipya ambacho hakijawahi kuwapo, serikali inampa haki kwamba kwa miaka fulani mwingine asikitengeneze bila idhini yake. Ni hivyo tu. Hao Waamerika hawakusomea kulegeza ukanda. Waliibuni, ao walinunua kwa aliyebuni.

Kwa hiyo Anicet akisema ndiye mwenye brevet ya mashine, anasema aliibuni yeye. Muulize aliibuni lini na wapi. Niambie pia kibati kinasema nini, neno kwa neno, na kama mashine ulimaliza kuilipa.

Na tafadhali usimwambie tena Gloriose arudi shule. Shule haikuhusika hapa hata kidogo.

Grâce


Clairwood
15 Aprili 2011

Grâce,

Umenicheka. Sawa. Cheka, lakini usizoee.

Mashine nilimaliza kuilipa zamani, ni yangu na waya wake. Kibati kiko kwa Kiingereza. Herufi nazijua, maneno ndiyo hayanijui. Nilimwita Nabila wa duka la pembeni akanisomea: mashine hii itumike na diski za Anicet peke yake. "Na brevet imeandikwa wapi?" Nabila akasema, "Hakuna, Aunty. Na hizi herufi zimechongwa pale wanapochonga funguo, mimi nilichonga jina la paka wangu pale pale."

Basi Anicet alipokuja nilimuuliza, mbele ya madereva, wewe mashine hii uliibuni lini? Akacheka meno yote nje. "Mama, hayo ni mambo ya wasomi." Wasomi! Tangu siku hiyo hajaleta diski. Zile za zamani watu wameziona mpaka wanatangulia kusema maneno. Jumamosi walizikataa, nikawasha mashine bila diski, ukutani mwanga mtupu. Gosbert akasimama mbele akatengeneza mbwa kwa vidole, halafu sungura. Watu wakataka warudishiwe pesa za mlangoni, nami nikarudisha, walikuwa na haki. Ikiendelea hivi, chumba kitafungwa, na wewe utarudi na hicho kitabu bila mwisho.

Leo ameniletea karatasi kwa mkono wa fundi wake. Naikunjia humu. Soma, halafu uniambie la kufanya. Ndiyo, nakuuliza wewe. Usivimbe kichwa.

Koko wako


Kwa Mama Marie-Louise,

Nakuheshimu kama mama yangu mzazi, ndiyo maana nakuonya kwa upole. Mashine ni yako, lakini macho yake ni yangu. Ni mimi niliyewaletea mashine wenye vyumba wote, Baudouin kule Point pia, na wao hawajanisumbua. Ukiweka diski ya yule msusi hutaona diski yangu tena, na fundi wangu hataigusa mashine hata ikitoa moshi. Mambo ya brevet ni marefu, usichoke nayo bure. Wewe wapikie watu chai.

Anicet
Mkurugenzi


Johannesburg
21 Aprili 2011

Koko,

"Wapikie watu chai." Nilimsomea mwalimu wangu sentensi hiyo, akaomba nirudie.

Sikiliza. Mwaka 1917 mahakama ya juu kabisa ya Amerika ililetewa kesi ya kibati, ndugu yake na hiki chako. Mwenye kibati kile alikuwa na hataza ya kweli. Akasema, mashine nimeuza, lakini zipite picha zangu tu. Majaji wengi wakamjibu hivi: hataza yako inashika mashine uliyoibuni. Picha zinazopita ndani yake hukuzibuni, basi hazikuhusu. Ukishauza, umeuza. Na sheria ya hataza ya nchi hii hailitambui sharti la namna hiyo. Na hapo tunamsema mtu mwenye hataza. Anicet alichonacho ni kibati cha mchonga funguo.

Sitakudanganya, diski zake mwenyewe anaweza kukunyima. Itabidi utafute nyingine, na fundi mwingine. Lakini kukuzuia kuonyesha ya Gloriose, ikiwa Gloriose anataka, hawezi. Kifungue hicho kibati.

Grâce


Clairwood
8 Mei 2011

Grâce, mwanangu,

Barua yako nilisomewa na Gosbert mara moja, halafu nikaisoma mwenyewe pole pole, kidole chini ya neno, mpaka nikaishika.

Nilipanda taxi mpaka Bluff. Gloriose alikuwa na kichwa cha mteja mkononi, nusu kimesukwa. Akaniona, akaendelea kusuka. Nikasema, "Nimekuja. Usinifanye nirudie." Akasema, "Koko, mimi bado sina brevet." Wanawake wote wa saluni wakaangua kicheko, nami nikavumilia. Nikamwambia hata Anicet hana, lete diski. Basi aliacha kile kichwa nusu, akanikumbatia na mafuta yote ya nywele. Kikwembe kimeharibika.

Jumamosi ya wiki iliyopita Gosbert alifungua kibati kwa bisibisi. Watu walijaa, wengine wamekaa chini. Ee Grâce! Vichwa vimekatika, sauti ya malori inafunika maneno, mara moja ameonekana mtu anajikuna hajui anapigwa picha. Lakini bibi arusi alipotokea kati ya malori anainua gauni asikanyage mafuta, madereva walisimama. Walikuwa wanajiona. Jitu zima la Zambia lilikuwa linapangusa macho na kofia.

Ndipo mlango ukafunguka. Anicet, na fundi wake nyuma.

"Mama, nani amekuruhusu?"

"Gloriose. Ndiye aliyeibuni."

"Na brevet?"

"Ya shule ao ya mashine?"

Madereva wakaanza, "Anicet, kaa chini, unamziba bibi arusi!" "Mkurugenzi, kichwa chako si kioo!" Akageuka atoke, mlango umejaa watu, hakuna njia. Akakaa. Na Gosbert alipowabariki maarusi kwa maji ya kopo la oili, nilimwona Anicet kwa macho yangu, anacheka, mkono mdomoni.

Tangu hapo chumba hakitoshi. Fundi mpya nimepata, mtoto wa kaka yake Nabila. Na nimefanya akili: nimeshikana mkono na Gloriose kwamba filme yake itaonyeshwa kwangu tu, popote pengine hapana. Baudouin alikuja kutoka Point kuiomba. Nikamwambia lipa mlangoni kama wenzako. Sasa hata Anicet anajua mwenye filme ni nani.

Asante, mwanangu. Nimekutukana bure kwa ajili ya hicho kitabu. Hiyo nasema mara moja.

Koko wako,
Marie-Louise, Mkurugenzi


Johannesburg
17 Mei 2011

Koko wangu,

Nimeisomea barua yako wenzangu wote wa bweni. Wale wasiojua Kiswahili wamecheka kwa kutafsiriwa.

Kuna jambo sikukuambia mwanzoni, kwa sababu ulikuwa umekasirika. Tulipewa orodha ndefu ya kesi tuchague. Za benki, za saruji, za mkate. Nilichukua ya sinema kwa sababu nilikulia kwenye benchi lako la mbele, nalala huku watu wanatazama, nawe unanifunika na kanga. Wengine waliona kesi ya zamani. Mimi nilimwona mtu mwenye chumba na mashine, ambaye mwingine anataka kumwamrisha ndani ya chumba chake.

Sasa naomba niseme, na usinipige mpaka nifike. Wale wadogo waliokimbia na kamera zao, unajua waliishia wapi? Walishinda, wakanenepa. Wakanunua kumbi za miji mikubwa. Wakaanza kuwaambia wenye kumbi wengine, ukitaka picha yetu nzuri, chukua na mbovu zote. Nao wakapelekwa mahakamani, na mwaka 1948 wakashindwa kama wale wa kwanza. Hiyo sura ya kitabu changu ilikuwa inanisumbua, sikuelewa watu walioonja uchungu ule wanawezaje. Ulipoandika ulivyomjibu Baudouin, nikaelewa. Niliimaliza siku hiyo hiyo.

Gloriose alipokupa mkono, ulimuuliza anataka nini?

Nakupenda, na nimejifunika blanketi mpaka kichwani.

Grâce


Clairwood
29 Mei 2011

Grâce,

Nimekasirika. Siku nzima nilizunguka na ufagio natafuta pa kufagia. Mtoto niliyemwogesha kwenye beseni ananilinganisha na Anicet!

Halafu nilikwenda Bluff. Nilimuuliza Gloriose, wewe filme hii ulitaka ifike wapi? Akainamisha macho. "Ifike Bukavu, Koko. Mama yangu aione. Hajui hata ninafanya kazi gani, anadhani naosha vyombo." Nikamuuliza kwa nini hukusema. "Ulinishika mkono mbele ya watu, na wewe ni kama koko yangu. Ningekataa vipi?"

Grâce, nilikaa kwenye kiti cha wateja nikajiona kwenye kile kioo kikubwa. Sikupenda nilichokiona, na si kwa ajili ya nywele.

Mkono ule nimeuachia. Nimemwambia filme ni yako, mpe umtakaye. Baudouin ameshaipata, anajaza chumba chake, na mimi changu hakijapungua, watu wanakuja kulinganisha ni wapi padri anasikika vizuri. Anicet naye alikuja saluni kuiomba, mpole, kofia mkononi. Gloriose akamwambia, "Nitakupa, lakini kwanza utoe vibati kwenye mashine za watu wote." Amevitoa mwenyewe, ananung'unika, "Nyinyi wanawake mmeungana." Diski zake anatuletea tena. Ya wiki iliyopita ilikuwa nzuri, nimemwambia asante, karibu adondoke.

Na wewe, asante. Sijui kuandika asante ndefu. Nilidhani sheria ni kitu cha ofisi, kumbe inaweza kuingia mpaka kwenye benchi langu, ikanitetea, halafu ikanigeukia ikanikanya na mimi. Mama yako angekuwa hapa angejivuna mpaka majirani wachoke. Najivuna kwa niaba yake. Jumapili nilisimama tena kanisani nikawaeleza kitabu chako ni cha nini. Nilichanganya miaka, lakini vigelegele vilipigwa.

Sasa sikiliza vizuri. Gosbert anakupa barua hii pamoja na diski, Gloriose ameitoa kwa moyo wake. Iko dereva Mcongo, Léonard, anapakia Johannesburg, anapanda mpaka Lubumbashi, na kaka yake anafika Bukavu. Ataondoka Jumanne. Usiiweke kabatini, usiseme uko na mtihani, usianze kuitazama na wenzako wa bweni mpaka asubuhi. Vaa viatu, umtafute Léonard kabla hajawasha lori, umpe mkononi, na umwambie hivi: mama yake Gloriose akishaiona, asikae nayo, ampe jirani.

Koko wako,
Marie-Louise